Simu Tatu za Kengele

Foleni ya dirisha la kuandikisha wagonjwa ilikuwa imejipinda hadi mlangoni asubuhi ile. Watu walibanana bega kwa bega, mara bibi mmoja akalegea, akaenda chini kama gunia. Kelele zikapanda. Msichana aliyevaa gauni la rangi ya chungwa, nywele kazifunga kwa kitambaa cheusi, akajipenyeza na kupiga magoti.

"Sogeeni, apate hewa! Na wewe wa shati jeupe, usisimame kama mlingoti. Mnyanyue miguu!"

Mwenye shati jeupe akatii. Bibi alipofumbua macho na kuuliza nani kamvua viatu vyake, watu wakacheka. Msichana akajifuta jasho.

"Ahsante, kaka. Umekuja kumwona mgonjwa?"

"Nimekuja kuanza kazi. Mimi ndiye daktari mpya wa upasuaji, wodi ya wazazi."

Msichana akaziba mdomo kwa kiganja. "Mungu wangu! Nami ni mkunga wa wodi hiyo hiyo. Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaongoza vizuri. Ningefungua mdomo ningeharibu."

Penzi lao lilianzia pale sakafuni. Wodini wote walimwita Kengele, kwa sauti yake iliyosikika kutoka kitanda cha kwanza hadi cha mwisho. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache, lakini simu ya Kengele ilimfungua kinywa.

"Dokta wangu, umekula?"

"Nimekula sauti yako."

"Sauti haina chumvi, we! Njoo kwa dada yangu, chakula kinapoa."

Baada ya mwaka mmoja mkuu wa wodi alistaafu, na mkurugenzi akamteua daktari kushika nafasi yake. Sababu ilikuwa moja tu: hakuna aliyekuwa na mkono mwepesi kama wake kwenye kisu. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kuongoza watu. Alivikwa cheo kama koti la marehemu, bila kupimwa. Chuoni alifundishwa kushona tumbo la mtu, lakini namna ya kumsikiliza aliye chini yake hakufundishwa hata siku moja.

Woga ukamgeuza. Akaanza kufoka. Muuguzi akitoa maoni kuhusu mgonjwa, alimkata kauli mbele ya wenzake. Akabandika na tangazo ukutani: asipigiwe simu akiwa kikaoni.

"Laazizi, watu wanakuogopa," Kengele alimwambia. "Na anayekuogopa hakwambii ukweli."

"Nikiwachekea watanipanda kichwani."

"Hata mimi nitakupanda kichwani?"

Daktari akachukua mafaili yake, akaondoka.

Alhamisi moja, saa tano asubuhi, Kengele alifunua shuka la mama aliyefanyiwa upasuaji alfajiri akajifungua mtoto wa kike. Shuka lilikuwa limelowa damu. Daktari wa pili alikuwa katikati ya upasuaji mwingine. Kengele akampigia mkuu wa wodi, aliyekuwa kikaoni kwa mkurugenzi akisoma takwimu za mwezi.

"Dokta, anavuja damu nyingi. Njoo."

"Muongezee dripu. Nakuja."

Baada ya dakika kumi akapiga tena. Simu ikakatwa. Akapiga mara ya tatu, ikawa imezimwa. Akamtuma mwenzake mbio ghorofa ya juu, karani akamzuia mlangoni. Daktari alipofika, dakika arobaini zilikuwa zimekwisha, na yule mama alikuwa ameshaanza kuwa baridi vidoleni. Walihangaika naye hadi saa saba kasoro, akafia mikononi mwao. Mwanawe alikuwa analia kitanda cha pili.

Daktari akajifungia stoo ya dawa, akakaa juu ya boksi la glavu. Wiki ile alisaini kila karatasi iliyowekwa mbele yake. Mojawapo ilikuwa ripoti ya kifo kile, iliyoandikwa ofisini kwa mkurugenzi.

Jumatatu Kengele aliingia ofisini kwake bila kubisha. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi vizuri, lakini macho yalikuwa mekundu.

"Nisomee hapa, nimesahau kusoma."

Daktari akapokea karatasi, akasoma: *Mkunga wa zamu hakutoa taarifa kwa wakati.* Chini yake, saini yake mwenyewe.

"Kengele, sikuandika mimi! Kipenzi, nakuapia, hata kusoma sikusoma."

"Hukusoma?" Sauti iliyozoea kusikika wodi nzima ikawa ndogo. "Mtu amekufa, nawe hukusoma? Afadhali ungeniandika kwa chuki, ningejua walau ulinifikiria. Nimesimamishwa kazi. Baraza linataka leseni yangu."

Akatoka. Toka hapo simu yake haikupatikana. Daktari akampigia dada wa Kengele.

"Shemeji, mwenzio hali wala halali," dada alisema. "Ukiwa na la kusema, usiniambie mimi. Kawaambie waliomwandika."

Alikwenda kweli kwa mkurugenzi. Mkurugenzi akafunga mlango. "Ukisema ulizima simu, cheo kinakwenda, pengine na leseni. Nyamaza. Yatapita." Naye akanyamaza. Siku kumi na nne alinyamaza, akakonda, suruali ikamning'inia kiunoni. Kila alipopita wodini mazungumzo yalikatika, na kila alipouliza kuna tatizo gani, aliambiwa hakuna.

Wiki ya tatu alipelekwa kwenye mafunzo ya uongozi kwa madaktari na wauguzi wakuu. Alikaa kiti cha nyuma, akingoja yaishe. Mwalimu alikuwa matroni mstaafu, mama mfupi mwenye miwani minene.

"Kila mmoja aandike jina la mtu mmoja wodini kwake," alisema, "asiyeogopa kukwambia umekosea."

Daktari aliandika jina moja upesi, bila kufikiri. Kisha akalitazama.

"Wewe wa nyuma, mtu wako yuko kazini leo?"

"Hayupo, mama."

"Yuko wapi?"

"Nimemfukuza kwa saini yangu." Akainama mezani, akalia mbele ya watu arobaini.

Matroni hakumbembeleza. "Basi mwanangu, unafanya nini hapa?"

Kesho yake alisimama mbele ya kamati ya baraza iliyokuwa ikisikiliza shauri la Kengele. Alieleza kila kitu: simu tatu, tangazo, karani mlangoni, ripoti asiyoisoma. Mkurugenzi alitazama dirishani muda wote. Wiki iliyofuata uamuzi ukatoka: Kengele alirudishiwa kazi yake. Daktari alivuliwa cheo na kusimamishwa miezi sita.

Adhuhuri ya siku ya uamuzi simu yake ililia. Alikuwa Kengele.

"Uko wapi?"

"Kwenye benchi, nje ya geti la hospitali. Sijui pa kwenda."

Kengele akatoka na sare yake, akakaa mwisho wa benchi. Kati yao pangeweza kukaa mtu wa tatu.

"Umesema yote?"

"Yote. Isipokuwa kwa mume wa marehemu. Nimetoka kwenda kwake mara mbili, nikarudia njiani. Naogopa, Kengele."

"Sijakusamehe," alisema. "Usije ukajidanganya. Ningoje nibadili nguo, twende."

Mjane yule wa kiume aliishi chumba cha nyuma ya duka la fundi cherehani. Alifungua mlango mtoto akiwa begani, chupa ya maziwa mkononi. Akamtambua Kengele, akasogea wapite. Daktari akabaki kizingitini.

"Mimi ndiye daktari wa mkeo. Sista huyu alinipigia simu mara tatu, sikuja. Nilikuwa kikaoni, nikazima simu. Angeweza kupona. Kosa ni langu."

Mtu yule akaiweka chupa sakafuni.

"Waliniambia nilichelewa kumleta," alisema. "Mwezi mzima nimekaa nikijua mimi ndiye niliyemuua mke wangu."

Akaketi pale pale mlangoni. Kengele akawahi kumpokea mtoto. Daktari naye akakaa chini ubavuni mwake, na mtu yule akaanza kusimulia habari za mkewe: alivyopenda kuimba akifua, jina alilomchagulia mtoto, alivyosema asubuhi ile kwamba ana kiu. Akalia, akakasirika, akamtukana daktari, akasimulia tena. Daktari hakujitetea wala hakumkatiza. Alimsikiliza hadi jua likahama ukutani.

Kengele akasogea na mtoto, akaketi upande wa pili wa daktari. Hapakuwa tena na nafasi ya mtu wa tatu kati yao.