Hema la Mama Lusia

Haya yalimpata rafiki yangu Mama Lusia, anayepikia wachimbaji huku Geita. Alikuwa anasugua sufuria binti yake alipoingia na habari kwamba dhahabu imeonekana kwenye msitu mmoja upande wa Ushirombo. Huko gari halifiki. Unatembea na mzigo mgongoni. Safari iliyopita Mama Lusia alilala kwenye turubai moja na wanaume, ameshika kisu mpaka asubuhi. Aliapa hatarudia.

Akaenda sokoni. Muuzaji alimwonyesha mahema makubwa, yeye akachagua jepesi kuliko yote.

"Mayu, mama yangu, hilo ni la mtu mmoja."

"Kwani unaniona wangapi?"

Jioni akalisimamisha uani, akaingia, akajinyoosha, akatoka ameridhika. Mumewe akacheka.

"Utalala humo kama maiti?"

"Nitalala peke yangu, nyuma ya mlango wangu mwenyewe. Njoo ule."

Umeme ulikuwa umekatika. Akapakua ugali na dagaa, akawahesabu kwa mwanga wa simu: mumewe, Lusia, Luka na mdogo wao Dorah. Wote walikuwa wamezunguka sinia, na geti limefungwa. Ndipo wakasikia kitambaa cha hema kikichakarika huko nje gizani, kama mtu anayejigeuza akitafuta usingizi.

Mama Lusia hakuinuka. Alimega tonge, akapaza sauti:

"Toka humo! Nimelinunua mimi, na kesho naondoka nalo!"

Kisha zipu ya mlango, aliyoiacha wazi, ikafungwa taratibu kutoka ndani.