Wivu Ulivyokausha Kiwanda cha Magodoro

Sogeeni, wazazi wenzangu, nanyi mnaofanya biashara ndugu kwa ndugu, niwasimulie yaliyotukuta nyumbani kwetu. Sitatia chumvi, maana kisa chenyewe kimekolea tayari.

Dada yangu alikuwa na kiwanda cha magodoro. Alianza na cherehani mbili baada ya kufiwa na mumewe, akawa anawashonea watu vitambaa vya kufunikia magodoro, mpaka akapata jengo lake mwenyewe, mashine ya kumwaga sponji na wafanyakazi wa kujaza ua. Mimi mdogo wake nilisimamia washonaji. Kila Jumatatu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, tulipanda kwenye chumba cha juu chenye dirisha linalotazama karakana. Chai iko mezani, harufu ya sponji mpya imejaa, na chini wafagiaji wanataniana. Dada anakaa katikati, binti yake kulia, mwanawe wa kiume kushoto. Ungetuona siku hizo ungesema hawa watu wamebarikiwa.

Binti tulimwita Kufuli. Yeye ndiye aliyetunza fedha za kiwanda, na kumtoa senti bila sababu ilikuwa kazi sawa na kumng'oa jino. Mdogo wake tulimwita Bingwa kwa sababu alikuwa muuzaji wa kuzaliwa. Ukija kumuuliza njia, utaondoka na godoro na mito miwili.

Dada akishapiga funda la kwanza la chai, humgeukia Kufuli: "Haya mama, tuna pumzi ya kutosha?"

Pumzi kwake ilikuwa ile fedha iliyopo tayari, ya kulipia mishahara, umeme na dawa za kutengenezea sponji hata kama wateja wote wangechelewa kulipa. Wasomi wana jina lao, wanaita ukwasi. Dada hakulihitaji. Alikuwa akisema kiwanda hakifi kwa kukosa faida, kinakufa kwa kukosa pumzi, na faida yake wataikuta warithi kwenye makaratasi.

Basi Kufuli anaeleza. Hakukubali mteja mmoja adaiwe kupita kiasi. Dawa za sponji zilitoka nje, kwa hiyo alikuwa akipatana bei na muuzaji mapema, analipa kitu kidogo cha ziada, ili fedha ya nchi yetu ikishuka thamani sisi tusiumie. Na alikuwa na makubaliano na benki kwamba siku tukikwama turuhusiwe kuchota zaidi ya kilichomo kwenye akaunti. Makubaliano hayo yalihitaji kutiwa saini upya kila mwaka, na hiyo ilikuwa kazi yake. Akimaliza, mama yake anamshika mkono na kusema, "Bila wewe, mwanangu, tungekuwa tumeshafunga milango."

Sasa mtazameni Bingwa hapo kushoto. Anakoroga chai isiyo na sukari.

Siku moja alinifuata kwenye meza ya washonaji, uso umemvimba. "Mama mdogo, hebu niambie ukweli. Nani anakilisha kiwanda hiki?"

"Wote mnakilisha."

"Wapi! Mimi nashinda juani, nabembeleza watu, natukanwa na walinzi wa mageti. Yeye anakaa kwenye feni anahesabu nilicholeta. Halafu anashikwa mkono yeye!"

"Ndiyo unaona gere kwa kushikwa mkono, kijana mwenye ndevu?"

Hakucheka. Kijiba cha moyo hakitibiwi kwa utani.

Lakini msidhani kijicho kilikuwa cha upande mmoja. Tukikutana kama ukoo, dada alikuwa na wimbo wake: "Simba wangu huyu! Ameuza mpaka ghala limebaki na panya!" Watu wanapiga makofi, mashangazi wanamkumbatia Bingwa, wafanyakazi wanamwita bosi. Mlinzi wa fedha anapigiwa makofi na nani? Hakuna anayeshangilia hatari ambayo haikutokea. Nilimkuta Kufuli jikoni akiosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

"Mimi nazuia moto, mama mdogo," akaniambia, "yeye anacheza ngoma. Mama anamwona mcheza ngoma tu."

Mnaona? Kila mmoja aliamini mwenzake ndiye mpendwa. Na dada yangu, Mungu amsamehe, aliwasifu kwa zamu bila kujua kwamba kila sifa ya huyu ilikuwa kibao kwa yule.

Ndipo akaja tajiri mmoja mwenye maduka mengi ya samani. Alitaka magodoro mengi kiasi kwamba, ili kumtosheleza, tungelazimika kuacha wateja wetu wadogo wote. Bingwa aliingia chumba cha juu kama bwana harusi.

"Mama, kwa oda hii moja tunauza kuliko mwaka mzima uliopita!"

Kufuli akauliza swali lake lilelile. "Analipa lini?"

"Miezi mitatu baada ya kupokea mzigo."

"Na dawa tunanunua kwa kitu gani miezi hiyo yote? Kwa makofi?"

"Kwa hiyo akiba unayoikalia! Imekaa tu kama kuku anayeatamia mawe!"

"Mdogo wangu, ukimuuzia mtu mmoja kila kitu, yeye ndiye anakuwa mwenye kiwanda. Akiamua kukohoa, sisi tunalazwa."

"Nilijua utasema hivyo. Ningeleta oda ya malaika ungeuliza wana dhamana gani. Huwezi kuvumilia kuona mimi nimefanikiwa!"

Wakatupiana maneno mpaka wafanyakazi chini wakainua vichwa. Dada alikuwa amechoka. Alisema neno ambalo hakulipima: "Kufuli, mwache na mwenzako aonekane. Safari hii akiba ataisimamia yeye, na dawa ataagiza yeye. Wewe utabaki na mambo ya benki tu."

Niliona uso wa binti yule ukifungwa. "Sawa, mama," akasema polepole. "Naye aonekane." Akachukua kikombe chake akatoka, na tangu siku hiyo kila Jumatatu alikaa kimya. Akiulizwa, anajibu, "Muulizeni Bingwa."

Mwanzoni kilikuwa kipindi cha raha. Mashine zilimwaga sponji mchana kutwa, washonaji wangu wakapata kazi za ziada, malori ya tajiri yakapanga foleni getini. Bingwa alipita karakanani na wafanyakazi wakamwimbia. Kupatana bei ya dawa mapema alikuona ni woga wa dada yake, akakuacha. "Kulipia mvua ambayo haijanyesha!" alisema. Akiba yote ikageuka magodoro, magodoro yakaenda kwenye maduka ya tajiri. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na sisi tulimsifu mgema wetu mpaka sauti zikakauka.

Kisha fedha yetu ikashuka thamani. Ilianza taratibu, halafu ikaporomoka, na bei ya dawa ikapanda kama iliyokimbizwa. Muuzaji wa nje akasema sasa hatoi pipa hata moja bila kulipwa kwanza. Bingwa akaenda kwa tajiri, maana miezi mitatu ilikuwa imetimia. Akaambiwa mhusika hayupo. Akarudi tena, akaambiwa karatasi ziko mezani kwa mkubwa. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi, na tajiri mwenyewe akapita, akamgonga bega, akasema, "Bingwa wangu, una haraka gani? Si tunafanya biashara ya muda mrefu?"

Mashine ya sponji ikazimwa. Mapipa matupu yakalazwa ukutani. Mwisho wa mwezi ulipofika, wafanyakazi walisimama uani bila kuimba. Mshonaji wangu mmoja, mama wa watoto wanne, aliniambia kwa sauti ya chini, "Nasikia tumeuza kuliko miaka yote. Sasa mbona mshahara hamna?" Kwenye karatasi tulikuwa matajiri, lakini mfukoni hatukuwa na nauli.

Maji yalipofika shingoni, dada akatuita chumba cha juu. Hakukuwa na chai. Bingwa alikuwa amekonda, anatazama meza.

"Basi," dada akasema, akijikaza. "Hatujafa. Kufuli, ule mpango wa benki si upo? Kachote. Tulipe watu, tununue dawa, tuendeshe kiwanda mpaka tajiri alipe."

Kufuli hakuinuka.

"Nasema na wewe, mwanangu."

"Haupo, mama."

"Haupo vipi?"

"Uliisha. Ulitakiwa kutiwa saini upya. Meneja wa benki alinipigia, nikamwambia nitakuja. Akapiga tena. Sikwenda. Sasa nimemwomba, anasema kwa hali tuliyo nayo hawezi kuufungua tena."

Bingwa aliinua kichwa. "Ulisahau, dada? Wewe?"

"Sikusahau." Machozi yakaanza kumtoka. "Nilijua utakwama. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nikasema, acha akwame, akose pa kushika, waje wote waniangukie miguuni waseme Kufuli ulikuwa na haki. Nilidhani tajiri atachelewa kidogo tu, aibike kidogo, halafu alipe. Nilitaka uaibike, mdogo wangu. Sikutaka kiwanda kife."

Nimezika mume, ndugu zangu, na nimeona mengi. Lakini maneno yale yaliniuma kuliko kilio cha msibani. Dada yangu aliwatazama watoto wake kwa zamu, kama mtu anayejaribu kukumbuka majina yao.

Tajiri alisikia haraka. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Alikuja mwenyewe kwa gari lake, mpole kweli kweli, akasema fedha anazodaiwa zitachukua muda, ila kama tunataka kuuza kiwanda, hapo anaweza kulipa mara moja, deni na bei ya kiwanda kwa pamoja. Bei aliyoitaja ilikuwa ya kutupwa. Tulijua, naye alijua kwamba tunajua. Mtu wa sheria alituambia tukimshtaki tutashinda, lakini kesi ingekwenda polepole na wafanyakazi wetu walikuwa na njaa ya leo. Dada alitia saini. Alilipa mishahara yote, akamlipa muuzaji wa vitambaa na kampuni ya umeme, na kilichobaki kilimtosha kuishi kwa kujibana. Juma lililofuata fundi alipanda ngazi akabandua jina letu getini.

Kufuli sasa anahesabu fedha kwenye ofisi ya watu. Bingwa anauza magodoro ya mtu mwingine, kwa kulipwa asilimia ya mauzo. Jumapili moja walikutana sebuleni kwa mama yao, nami nilikuwepo. Hata chai haijamiminwa wakaanza.

"Ungetia saini benki, tungekuwa na kiwanda chetu."

"Ungesikiliza, tusingeihitaji hiyo benki."

"Ulinionea wivu!"

"Wewe ndiye ulianza! Tangu utotoni hukupenda mama anisifu!"

Dada alikuwa akikunja nguo. Aliiweka chini ile aliyoishika, akasema kwa upole ulionitisha:

"Nyamazeni, wanangu. Mlishindana nani anifae zaidi. Haya, mmeshinda wote wawili. Zawadi yenyewe sina tena."

Bingwa alivaa viatu vyake akaondoka, na Kufuli akabaki ameshika mlango, hajui amfuate au abaki.

FUNZO

Wenzangu, msitoke hapa mkisema tajiri alikuwa mbaya. Alikuwa mbaya, ndiyo, lakini wabaya wapo kila soko, na ndiyo maana mtu huweka akiba na kugawanya wateja wake. Mauzo si fedha mpaka yaingie mkononi. Usimkabidhi mteja mmoja koo lako, usile akiba ya dharura kwa sababu ya shangwe, na ukidharau gharama ndogo ya kujikinga, jiandae kwa kubwa.

Lakini hayo yote kiwandani kwetu yalijulikana, na yalisemwa kwa sauti. Kilichotuua ni kwamba aliyeambiwa ukweli aliuona ni wivu, na aliyeujua ukweli aliuficha kwa wivu. Mwenye kijicho humtakia mwenzake aanguke, akisahau kwamba wamepanda ngazi moja.

Na ninyi wazazi, nawasihi. Ukimsifu mtoto anayeleta, msifu na anayetunza, siku hiyohiyo na mbele ya watu walewale. Dada yangu aliwapenda watoto wake sawasawa. Kosa lake ni kwamba kila mmoja alimsikia akimpenda mwenzake tu.