Vidole vya Kanyiva na Mashine ya Namba

"Mama Nthiwa, mashine inaweza kumkataa mtu?"

Jirani yangu Kanyiva aliniuliza hivyo akiwa mlangoni pangu, jasho likimtoka. Alikuwa ametoka kliniki ya kanisa letu. Dawa zake za presha zilikuwa zimeisha, na kichwa kilikuwa kinamgonga.

"Siku hizi humuoni daktari bila namba," akasema. "Namba inatoka kwa ile mashine ya kioo. Nimebonyeza, nimebonyeza, ikazima. Watu nyuma wakaanza kunung'unika. Nikaona aibu, nikaenda zangu."

Niliogopa. Marehemu mume wangu alianza na kichwa hivyo hivyo. Nikaomba kimoyomoyo, nikamshika mkono, tukarudi pamoja.

Kaloki, askari wa geti, alitukimbilia, akamwita Kanyiva nyanya kwa Kikamba. "Susu, ngoja nikubonyezee."

"Wacha!" akasema Yvonne, fundi aliyetengeneza ile mashine. Alikuwa amekuja kuuliza kwa nini wazee wamepungua kliniki. "Kila siku unawabonyezea. Mimi nikija, naona kila kitu kiko sawa."

"Sasa nimwangalie tu susu akihangaika? Hata mama yangu atanikana!"

"Leo tuvumilie. Susu, bonyeza mwenyewe."

Kanyiva akabonyeza. Kimya. Akakandamiza kwa nguvu. Kioo kikarukia maandishi mengine, kisha kikazima. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia.

Yvonne akavishika vile vidole. Vilikuwa vigumu, vimepasuka.

"Susu, unafanya kazi gani?"

"Nasokota makonge ya kusukia vikapu vya kiondo tangu nikiwa msichana. Hii si ngozi tena, ni kwato za mbuzi."

Yvonne akainamisha kichwa. "Kioo hiki hakisikii ngozi kavu. Maandishi ni madogo, tena ya Kizungu. Na kinazima kabla mtu hajamaliza kusoma. Kosa si lako, susu. Ni langu."

"Basi hilo kosa lako linipe dawa."

Watu wakacheka, lakini mimi sikucheka. Yvonne akamwita nesi, naye Kanyiva akapimwa. Presha ilikuwa juu sana. Nesi akamwambia asilale nyumbani bila dawa, na akampa.

Baada ya hapo Yvonne alikuja kanisani kila baada ya ibada. Aliketi na wazee, kila mmoja akaijaribu mashine mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kumbonyezea mwingine. Walipokwama, yeye alibadilisha mashine, si wazee.

Siku ya kliniki iliyofuata, tulikuta vitufe vikubwa vilivyotokeza, vya kubonyezwa hata kwa kidole kigumu. Maandishi yalikuwa meusi, makubwa. Sauti ilizungumza Kikamba, kisha ikangoja.

Mimi bado nilikuwa na wasiwasi. Kaloki akanyoosha mkono kwa mazoea. Kanyiva akaupiga kofi kidogo.

"Kaa huko!"

Akabonyeza. Karatasi ya namba ikatoka. Akaitwa, akapimwa, akapewa dawa.

"Susu, hata asante hakuna?" Kaloki akamtania.

Kanyiva akatia dawa ndani ya kiondo, akainyoosha leso yake, akamwonyesha Kaloki kile kidole kigumu alichobonyezea, akatoka.