Mkwaruzo wa Cherehani

Mshonaji huyu alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta, na haya aliyasimulia mwenyewe, uso ameuinamisha.

Asubuhi hiyo ilikuwa kama nyingine. Alikuwa na sare kumi na mbili za kwaya, zote zinatakiwa kabla ya saa nane. Chumba cha pili alilala mama mkwe wake, mwaka wa pili sasa hawezi kuinuka, redio kando ya mto. Kila mara cherehani ya umeme ilipozunguka, redio ilikwaruza hadi maneno yakapotea.

"Mwanangu, zima kidogo, nasikiliza habari."

"Vumilia, mama. Kazi imenibana."

Baadaye, katikati ya mkwaruzo, alisikia akiitwa tena. Alijua si redio. Akakanyaga pedali hadi mwisho.

Alipomaliza sare, mama mkwe alikuwa ameshakata roho, mwili umepoa.

"Nilitoka kununua uzi," alimwambia mumewe. Msibani watu walimshika mkono, wakamsifu kwa kumtunza mkwewe. Kila sifa ilimchoma.

Wiki tatu zikapita. Mchana kweupe akakaa kushona. Redio ikakwaruza. Akaenda kuichomoa kwenye umeme, akarudi, akakanyaga. Ikakwaruza. Na ndani ya mkwaruzo, sauti.

"Mwanangu."

Akamwita fundi redio.

"Mota ya cherehani inaingilia mawimbi, shemeji. Kitu cha kawaida," fundi alicheka, akafunga kifaa cha kuzuia mkwaruzo, akajaribu.

Akaacha kucheka. Akakusanya bisibisi zake, akaondoka bila kuaga.

Maneno ya fundi, kwamba redio inaita 'mwanangu', yalimfikia mume. Jumamosi akaketi kwenye kitanda cha mamake.

"Hebu shona," alinong'ona.

Akashona. Redio ikakwaruza.

"Mwanangu, zima. Pumzi inakata. Najua unanisikia."



Mume akasimama mlangoni. "Ulienda kununua uzi gani?"

Mke akasema yote. Mume hakumfokea, wala hakumtazama. Aliokota viatu vyake, akatoka peku. Afadhali angemtukana, alituambia.

Tangu siku hiyo redio haijakwaruza. Ila kwenye mlango wa chumba cha kushonea, upande wa ndani, usawa wa goti, pana alama mbichi ya kiganja, kama cha mtu aliyetambaa. Ameifuta. Amepaka rangi mara mbili. Kila asubuhi vidole vitano viko palepale, vimenyooshwa kuelekea kitasa.