Nyumba ya Jini Ilikuwa Mkononi

Leza ilikuwa bado haijawashwa, msuli wa Ubwa ukaruka.

Tahiya, mtaalamu wa tiba ya viungo katika kliniki ndogo ya ghorofani pale Mlandege, alidhani macho yamemdanganya. Mkono wa kulia wa mchonga milango huyu ulikuwa umenyauka miaka mitatu. Kwa wiki sita aliumulika kwa mwanga mwekundu wa leza, hafifu, usiounguza hata unywele, wa kuamsha seli za misuli. Na kweli mkono ulinenepa. Lakini leo ulinuka ubani.

"Nimekuja na patasi yangu," Ubwa alisema, akicheka kama mtoto aliyevishwa nguo ya Idi. "Leo nnachonga, Bi Tahiya!"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Bi Biasha, mama yake Ubwa, aliingia akihema.

"Zima taa hiyo! Nshakwambia uache, mwanangu!"

"Mama, mkono unapona."

"Si wako." Sauti ilimshuka. "Ulipokuwa mahututi, jini alitaka roho yako. Nikampa mkono wako akae, akuachie uhai. Alikuwa kalala humo. Nyinyi mnamwamsha."

Katika masomo yote ya Tahiya hapakuwa na ukurasa wa mambo hayo. Alitaka kucheka, lakini mkono uliinuka wenyewe, vidole vikafunguka kimoja kimoja, kisha ukamrukia Bi Biasha kooni, ukamgongesha ukutani, ukabana, ukabana mpaka ulimi ukamtoka, Ubwa akilia, "Si mimi, mama, wallahi si mimi!" huku misuli ile aliyoiombea dua wiki sita ikivimba chini ya ngozi, na Tahiya akining'inia kwenye kiwiko bila kukitikisa, na ubani ukiwaziba pumzi wote watatu.

Ubwa alifumba macho. Kwa mkono wa kushoto aliitwaa patasi, akaikita juu ya kiwiko cha kulia, akaizungusha, akaukata msuli mpaka mfupani. Damu ilimrukia Tahiya usoni. Vidole vikalegea.

Bi Biasha alianguka sakafuni, akikohoa, mzima. Tahiya alikandamiza jeraha la Ubwa kwa taulo.

"Nshamtoa, mama," Ubwa alisema kwa shida. "Basi, keshaondoka."

"Umemvunjia nyumba," mama alinong'ona. "Sasa atakaa wapi?"

Ubwa alitazama chini. Patasi ilikuwa bado imo mkononi mwake wa kushoto, na vidole vilikuwa vikiikaza, kimoja kimoja.

"Mama," alisema. "Kimbia."