Karai Lililoyeyushiwa Risasi

Mwezi wa Ramadhani kazi ya Wahida ilikuwa ileile kila siku. Akirudi shule alivua sare, akaswali, kisha akakaa juu ya mbuzi kukuna nazi za futari. Mdogo wake Sadallah, mwenye miaka saba, alikaa mbele yake kama askari ili kuhakikisha dada mtu haonji. Siku hiyo Sadallah mwenyewe alikuwa anafunga siku nzima kwa mara ya kwanza, na tangu alfajiri alikuwa ameshawatangazia majirani wote, wakiwemo wale ambao hawakumuuliza.

Nyumba yao ilikuwa Mlingotini, kijiji cha wavuvi karibu na mji wa Bagamoyo. Baba yao, Mzee Kibwana, alikuwa dago, kwenye kambi ya wavuvi ya mbali, na angerudi Ijumaa. Kabla ya kuondoka alilalamika kwamba miamba imemmalizia machubwi yake, vile vipande vya risasi vinavyozamisha mshipi. Maneno hayo yalimwingia Wahida. Alitaka baba akirudi akute machubwi mapya, yaliyotengenezwa na binti yake.

Kuyeyusha risasi alikuwa amekuona kwa Mjomba Mikdad, kaka wa mama yake, aliyetengeneza machubwi uani kwake na kuwauzia wavuvi. Mara mbili alimwomba amfundishe, na mara mbili alijibiwa, "Risasi haichezewi, mwanangu. Kakune nazi." Hakuambiwa kwa nini haichezewi. Basi Jumamosi, mama alipokwenda mjini, Wahida alikusanya vibao vya risasi kutoka kwenye betri bovu la sola lililotupwa nyuma ya nyumba, akawasha kuni. Masufuria ya mama aliyaona mepesi. Ukutani lilining'inia karai la marehemu bibi, la chuma zito, lililokaanga maandazi ya harusi za nusu ya kijiji. Akalitungua.

Risasi iliyeyuka, na moshi wake ukamkereketa koo. Aliimimina kwenye vishimo vya mchanga, akapata machubwi matano yenye nundu. Kisha alilisugua karai kwa majivu, mchanga na stilwaya mpaka likang'aa, akalirudisha kwenye msumari wake. Kichwa kilimuuma siku nzima, naye akadhani ni saumu.

"Mashallah!" mama alisema aliporudi. "Hili karai nani kalisugua hivi? Wahida, sasa umekuwa mtu mzima." Wahida alitabasamu tu.

Sasa ilikuwa Jumatatu. Alipomaliza nazi, na alasiri ikiwa imekwisha kuswaliwa, aliyafunga machubwi yake kwenye kitambaa akaenda kujionyesha kwa mjomba.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

Wahida alifungua kitambaa. Mjomba Mikdad alichukua chubwi moja, akaligeuzageuza. Hakucheka wala hakusifu.

"Nani katengeneza?"

"Mimi mwenyewe!"

"Umeyeyushia kwenye nini?"

Wahida aliuona uso wa mjomba umebadilika, na uongo ukamtoka kabla hajaufikiria. "Kwenye kopo. Kopo la maziwa. Nimeshalitupa."

Mjomba alishusha pumzi. "Alhamdulillahi. Maana ungetumia chombo cha jikoni, ungetuangamiza. Sikiliza, Wahida. Risasi ni sumu. Haina harufu na huwezi kuihisi mdomoni. Chombo kilichoyeyusha risasi hakipikiwi tena, hata ukisugue mwaka mzima. Sumu yake inaingia kwenye damu, inakaa mifupani. Mtu mzima inamuumiza, lakini mtoto ndiyo zaidi. Inamharibia akili, na akili ikishaharibika hairudi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mjomba," Wahida alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

Hakuaga vizuri. Alikimbia mpaka nyumbani akiwa na wazo moja tu: alitoe karai ukutani, akalifukie mbali, na mtu yeyote asijue. Alipoingia jikoni alikuta msumari mtupu.

"Mama! Karai liko wapi?"

"Kaliazima Bi Shufaa," mama alijibu bila kugeuka. Alikuwa anachambua mchele. "Leo si futari ya watoto wa madrasa? Anakaanga tambi. Alipoliona linavyong'aa akasema lake hataki hata kulitazama."

Wahida alishika mlango. "Mama…"

"Nini tena?"

Hapo ndipo angesema, na mambo yangekwisha. Lakini aliukumbuka uso wa mama siku ile alipomsifu, akakumbuka kwamba karai lilikuwa la bibi, na ulimi ukakataa. "Naenda kumsaidia Bi Shufaa," alisema.

"Nenda. Sadallah ameshatangulia. Leo atapakuliwa wa kwanza, kwa vile amefunga."

Nyuma ya madrasa, harufu ya iliki na tui la nazi ilikuwa imeenea uwanja mzima. Bi Shufaa, mama mnene mwenye kicheko kikubwa, alikuwa amesimama mbele ya mafiga akigeuza tambi kwa mwiko. Karai lilikuwa limejaa.

"Shikamoo, Bi Shufaa. Mama… mama anataka karai lake."

"Marahaba. Sasa hivi? Na tambi zangu nizimwagie kwenye kanga?" Bi Shufaa alicheka. "Mwambie mama yako Mwaija asubiri, karai halitaota miguu."

Uongo wa pili haukufua dafu. Wahida akatafuta hila nyingine. Alizunguka upande wa pili wa mafiga, akajifanya amejikwaa, akalisukuma karai kwa goti. Karai la chuma lililojaa tambi halikusogea hata kidogo. Yeye ndiye aliyeungua goti, na mwiko ukaanguka mchangani.

"We mtoto, una wazimu?" Bi Shufaa alifoka. "Saumu imekupanda kichwani? Hebu kakae kule, usinisogelee!"

Wahida alikaa kando ya ukuta huku goti likimchoma. Jua lilikuwa linashuka. Mikeka ilitandikwa, watoto wakakaa makundi makundi, na masinia ya tambi yakaanza kuletwa. Sadallah alikaa mkeka wa mbele, kofia yake imenyooka, midomo imekauka. Alimpungia dada yake mkono na kumwonyesha sinia kwa kidole, kana kwamba Wahida hakuliona.

Aliogopa. Hakuwahi kuogopa vile maisha yake yote. Moyo mmoja ulimwambia kwamba labda mjomba alizidisha, maana watu wazima hupenda kutisha watoto, na kula mara moja hakutawadhuru. Moyo wa pili ulirudia maneno yaleyale: akili ikishaharibika hairudi. Akisema, kijiji kizima kitajua kwamba ni mwongo. Watoto waliofunga kutwa watamwagiwa chakula mbele ya macho yao, na Bi Shufaa ataaibika. Asiposema, Sadallah atakula wa kwanza.

Maalim Mwinshehe alitazama saa yake, akaanza kugawa tende. Kipaza sauti cha msikiti kilikoroma, muadhini akakohoa.

"Allahu Akbar, Allahu Akbar!"

Sadallah alitia tende mdomoni, akanywa maji kwa pupa, kisha akanyoosha mkono, akachota tambi tele.

"Msile!" Wahida alipiga kelele. "Sadallah, tupa! Msile, tambi zina sumu!"

Adhana iliendelea. Kisha Bi Shufaa akaja, macho yamemtoka. "Sumu? Sumu gani, mimi? Miaka yote napika hapa, leo niwatilie watoto wa watu sumu?"

Wahida alikuwa ameshafika kwa mdogo wake, amemkamata mkono na anaifumbua ngumi yake kidole kwa kidole. "Umemeza? Niambie, umemeza?"

"Bado," Sadallah alisema, akaanza kulia. "Nimefunga mpaka mwisho, dada! Mpaka mwisho kabisa!"

Maalim Mwinshehe alikuja akachuchumaa mbele yao. Hakupaza sauti. "Sema, Wahida. Sema yote, watoto wana njaa."

Naye akasema. Alisema huku meno yakigongana, mbele ya watoto wenzake ambao kesho angekaa nao darasani. "Niliyeyushia risasi kwenye lile karai. Nikalisugua ili mama asijue. Mjomba aliponiuliza nikamdanganya. Na wewe, Bi Shufaa, nimekudanganya. Mama hakulitaka karai. Nilitaka lisipikiwe."

Maalim aliinuka. "Ondoeni mikono kwenye masinia. Asionje mtu hata kidogo. Kanaweni mikono kwa sabuni, kisha mrudi kwenye tende na maji." Kisha alichukua jembe yeye mwenyewe, akachimba shimo refu, na tambi zote zikafukiwa ili hata kuku wasizifikie. Bi Shufaa alitazama jasho lake likifunikwa na mchanga, akajifuta macho kwa pembe ya kanga.

Mlingotini habari haitumwi, inakwenda yenyewe. Haukupita muda, majirani wakaanza kuja, huyu na bakuli la muhogo wa nazi, yule na chungu cha uji. Watoto wakala wakashiba. Wahida peke yake ndiye aliyeshindwa kumeza.

Mama alikuja pamoja na Mjomba Mikdad. Wahida alitegemea kuchapwa, lakini mjomba ndiye aliyeanza kusema, na alikuwa ameinamisha kichwa. "Kosa si la mtoto peke yake. Mimi nayeyusha uani, watoto wanatazama, kuku wanachakura majivu yake. Nilimwambia haichezewi, sikumwambia kwa nini. Tangu leo, uani kwangu risasi basi."

Asubuhi walimpeleka Wahida hospitali Bagamoyo, akatolewa damu. Siku alizosubiri majibu zilikuwa ndefu kuliko saumu. Majibu yalipokuja Alhamisi, siku moja kabla ya baba kurudi, daktari alisema sumu imo, lakini ni kidogo, na itapungua akikaa mbali na risasi. Aliwaagiza waondoe udongo na majivu pale alipowasha moto, wasifagie vumbi lake likiwa kavu, na wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Betri bovu nalo lisikae tena mahali watoto wanapochezea.

Siku hiyo hiyo Wahida alikwenda kwa Bi Shufaa kuomba radhi. Alisimama mlangoni.

"Ingia," Bi Shufaa alisema. "Nilikukasirikia, sitakuficha. Uliniaibisha mbele ya watu. Lakini wajukuu zangu watatu walikuwa kwenye ile mikeka." Akamsogezea kigoda. "Nimekusamehe, mwanangu. Ukija kesho uje na mwiko, tupike pamoja."

Jioni Mjomba Mikdad alitoboa matundu manne kwenye kitako cha karai la bibi ili mtu yeyote asije akaliokota akapikia. Kila nyundo ilipolia, mama alifumba macho. Lilikuwa kumbukumbu pekee ya mama yake.

"Nisamehe, Mama," Wahida alisema. "Nilitaka kukwambia tangu mwanzo. Niliogopa. Nikawa nasubiri woga uishe."

Mama alimvuta karibu. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Uongo wako wa kwanza ulikuwa mdogo, mwanangu, ungekwisha kwa kukaripiwa tu. Kila ulipouficha ulikua, mpaka ukafika mdomoni mwa mdogo wako. Kazi usiyoijua, uliza kwanza madhara yake. Na ukikosea, sema mapema. Woga hauishi kwa kusubiriwa. Ukiogopa kusema, sema huku unaogopa, kama ulivyosema siku ile pale madrasa."