Alianguka Akicheza

Saa nne asubuhi lifti ya jengo la maduka ilikuwa imejaa pomoni, na mwenye akili zake angengoja inayofuata. Fundi mapazia hakungoja. Alikuwa na bomba la pazia la mita mbili na nusu begani, mteja anamsubiri ghorofa ya tano, na kusubiri ni jambo ambalo hakuwahi kulipenda. Akaingia kinyumenyume. Bomba nalo likageuka, likapita juu ya vichwa vya watu, likakuta miwani ya mwanamume mmoja mrefu, mwenye shati la samawati lililonyooshwa kwa pasi mpaka kwenye kifungo cha mwisho. Miwani ikaanguka. Mtu akaikanyaga.

"Dada, umenivunjia miwani."

"Bomba langu lilikuwa linapita. Miwani yako ndiyo iliyokaa njiani."

Watu wakacheka. Mwenye miwani naye akacheka, na hapo ndipo fundi alipomtazama vizuri. Alikuwa na macho ya mtu aliyeamshwa sasa hivi, na mwanya uliomfanya fundi asahau kubonyeza namba ya ghorofa yake.

"Una bima?" mwanamume yule akauliza.

"Ya nini?"

"Ya kupiga watu na mabomba."

"Kumbe ipo?"

"Ipo. Tena ninayeiuza ni mimi."

Ndivyo walivyofahamiana. Yeye alikuwa wakala wa bima, na fundi alikuwa na duka la mapazia mtaa wa nyuma. Kulikuwa na tatizo moja tu: miaka kumi na moja nyuma, fundi alisaini karatasi ya mwenye nyumba bila kuisoma, na duka lake la kwanza likaenda hivihivi. Tangu siku hiyo hasaini kitu asichokijua mwanzo mpaka mwisho.

"Mikono yangu ina kazi," alimwambia wakala. "Nisomee. Kurasa zote."

Mkataba wa bima ya ajali binafsi ulikuwa na kurasa thelathini na moja. Wakala alikuja alasiri tatu mfululizo, akaketi katikati ya majora ya vitambaa, akasoma kwa sauti huku cherehani ikinguruma.

"Nikiungua na pasi nyumbani?" fundi akauliza bila kuinua macho.

"Inalipa."

"Nikiteleza bafuni?"

"Inalipa, matibabu mpaka upasuaji."

"Bomba langu likivunja miwani ya mtu?"

"Kwa bahati mbaya, inalipa. Kwa makusudi, hailipi. Ile ya lifti tuiandikeje?"

"Tuiache. Na nikianguka natundika pazia la mteja?"

"Hapana. Ukurasa wa kumi na tisa: ajali za kazini zina mkataba wake."

"Huo sihitaji. Mimi kazini sianguki."

"Na moyo ukivun..."

"Ishia hapohapo. Hiyo kila wakala anayo."

Ukurasa wa kumi wakala alikuwa anamwita dada. Ukurasa wa ishirini akawa Fundi wangu. Walipofika mwisho na mkataba ukasainiwa, fundi naye alishazoea kumwita Miwani, na siku mbili bila kumsikia zilikuwa nyingi.

Miezi minne baadaye, Alhamisi jioni, simu ya fundi ililia akiwa nyumbani anajaribu gauni jekundu alilojishonea mwenyewe, la kubana kiunoni, lililofunguka chini.

"Fundi wangu, umekaa au umesimama?"

"Inategemea unachotaka kusema."

"Mama anataka kukuona. Jumapili."

Akajifanya kufikiria. "Nitaangalia kama nina nafasi."

"Usinitanie, mpenzi."

"Nitakuja, Miwani. Nitakuja asubuhi nisubiri mlangoni."

Alipokata simu, akawasha redio, akapanda stuli ili aone pindo la gauni kwenye kioo kilichotundikwa juu ukutani. Redio ikapiga wimbo anaoupenda. Alikuwa na miaka thelathini na minane, ameshaolewa na kuachika, na kuna mtu anataka kumpeleka kwa mama yake. Akacheza pale pale juu ya stuli, viuno vyote. Stuli haikuwa imejiandaa.

Daktari alisema mfupa wa kifundo cha mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Unahitaji bamba la chuma ndani ya siku kumi. La sivyo utaungana upande, na fundi hatasukuma tena mkasi kwenye kitambaa kizito. Alilisema kwa upole, lakini fundi alielewa kwamba wanazungumzia maisha yake yote.

Miwani alifika hospitali na fomu ya madai. "Niambie, mimi niandike."

"Andika: nilikuwa nacheza muziki juu ya stuli."

Miwani akatabasamu, akaandika. Fundi akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akachora sahihi yake. Hakuomba asomewe. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kufanya hivyo kwa mtu yeyote.

Siku ya tano likaja jibu la kampuni. Dai limekataliwa, kwa kuwa mwenye bima alianguka akitundika pazia la mteja, na ajali za kazini hazimo kwenye mkataba wake. Fundi alilisoma mara tatu, kisha akapiga simu.

"Miwani. Nilianguka nikifanya nini?"

Miwani akaanza kumuuliza mkono unaendeleaje.

"Nimekuuliza."

"Mpenzi, nisikilize. Mama aliniuliza umeangukaje. Nikamwambia kazini, mwanamke mchapakazi. Halafu binamu yangu yuko pale ofisini, angeiona fomu akamwambia, nikaona maneno ya fomu yafanane na niliyomwambia mama."

"Ukurasa wa kumi na tisa ulinisomea wewe mwenyewe."

"Nilikuwa namfikiria mama. Mkataba sikuufikiria."

"Wala mkono wangu hukuufikiria. Ulinionea aibu."

"Nilitaka wakuone kwa jicho zuri."

"Nani alikwambia jicho lao litaharibika nikicheza?"

Akakata. Simu ikalia tena, na tena. Akaizima, akalia, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Shangazi yake, aliyekuja kumpikia, alikuwa na dawa tayari. "Sema ulikuwa unatundika pazia lako, nyumbani kwako. Hapo ni kurekebisha neno moja tu, watalipa, na heshima yako inabaki."

"Sikuwa natundika pazia, shangazi."

"Wewe mtoto, hiyo fomu ya kwanza sahihi ni yako. Ukienda kusema ina uongo, watasema mwongo ni wewe, na mkono ndiyo basi."

"Shangazi, nimekaa kwenye ndoa miaka sita naambiwa nicheke polepole. Leo hata kuanguka nako nianguke kwa heshima?"

Shangazi akarudi kwenye chungu chake.

Kesho yake fundi aliingia ofisi za bima amevaa gauni jekundu lilelile, mkono wa kulia wa gauni umepasuliwa kwa mkasi ili plasta ipite. Akaomba kuonana na mkuu wa madai, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo ambaye jengo zima lilimwita Mama Madai. Akaomba fomu mpya. Kwa mkono wa kushoto ilimchukua nusu saa, herufi zikienda huku na huku. Aliandika kwamba alikuwa nyumbani, anacheza muziki juu ya stuli, peke yake, kwa sababu alikuwa na furaha.

Mama Madai akasoma mpaka mwisho. Akamwita Miwani, na meza zote za jirani zikaacha kuchapa.

"Hapa nina fomu mbili," akasema. "Kama maneno ya kwanza ni ya huyu mama, alidanganya na dai limekufa. Kama ni ya kwako, dai liko hai, lakini kitambulisho cha uwakala unaniachia. Ni ya nani?"

Fundi hakumtazama. Alitazama kalamu mezani.

"Ni yangu," Miwani akasema. "Aliniambia anacheza. Niliandika mengine kwa sababu niliona aibu, na hakukuwa na cha kuonea aibu." Akavua kitambulisho shingoni, akakiweka mezani.

Mama Madai akafungua mkataba, akasoma kwa ile sauti yake ndogo: jeraha la mwili litokanalo na tukio la ghafla, lisilokusudiwa, nje ya kazi ya malipo. Akavua miwani yake. "Hakuna mahali hapa panaposema mtu aanguke akifanya jambo la maana. Barua ya kulipia hospitali nitaisaini leo."

Bamba likawekwa siku ya nane. Miwani alipiga simu kila siku, na fundi hakupokea hata moja. Wiki ya sita, plasta ilipotoka, ndipo Miwani alipotokea dukani, hana tai, hana mkoba.

"Wamenisimamisha miezi sita," akasema.

"Nilisikia."

"Sikuja kulalamika. Nimekukosa, Fundi wangu. Nimekosa hata cherehani."

Fundi alikuwa amemkosa pia, na ilimuudhi. "Mama yako anajua nilivyoanguka?"

"Bado."

"Basi hujaja bado. Jumapili nitavaa jekundu. Na utakayesema ni wewe."

Jumapili walikaa sebuleni kwa mama, kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe. Mama alimpa fundi pole. "Hiyo kazi ya kupandapanda ni ya hatari, mwanangu."

Fundi akamtazama Miwani. Miwani akaweka kikombe chini.

"Mama, nilikudanganya. Hakuwa kazini. Nilikuwa nimempigia kumwambia unataka kumwona, akapanda juu ya stuli akacheza."

Mama akalitazama gauni, akautazama mshono mrefu kwenye kifundo cha mkono.

"Alicheza peke yake?"

"Peke yake."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Ofisini, mama."

"Basi hilo ndilo la kuonea aibu," mama akasema, akammiminia fundi chai.

Waliposhuka ngazi, Miwani akasimama kwenye kibaraza cha kati. "Nataka kukuoa."

"Andika. Kurasa zote. Mimi nitashona, wewe utasoma."

"Na ukishasikia?"

Fundi akamshika mkono kwa mkono wake wa kulia, ule wenye bamba, akaubana kwa nguvu zake zote.

"Unaniumiza," Miwani akasema.

"Makusudi," fundi akajibu. "Hailipi."